Kabla hujatia mkasi kwenye fulana zako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai wewe na wote wa nyumbani kwako hamjambo. Sisi huku tu wazima. Barua yako imenifikia, na nilipofika pale uliposema una rundo la fulana kuukuu na mkasi umeshaunoa, nikaona nikujibu upesi kabla hujakata hata moja. Nimefurahi mno kwamba umeamua kuzitumia badala ya kuzitupa. Ila kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema, nami nataka ulijue leo: fulana ni nguo iliyokwisha kushonwa, na kazi iliyomo ndani yake ndiyo mali yako kubwa. Pindo la chini limeshakungwa. Mabega yameshaunganishwa, na mara nyingi yametiwa utepe kwa ndani ili yasivutike. Shingo ina bendi inayorudi mahali pake kila ukiivuta. Anayekata bila kuangalia huitupa kazi hiyo yote, kisha anakesha akiirudia kwa mkono wake, tena kwa shida.

Kwa hiyo kila fulana unayoishika, jiulize kwanza ni mshono gani uliopo unaoweza kuuacha ukufanyie kazi.

Anza kwa kuzichambua. Zifue zote na zikauke, hata zile unazoona ni safi, maana kitambaa kikishonwa kabla ya kufuliwa kinaweza kukuharibikia baadaye kikisinyaa. Halafu inyanyue kila moja mbele ya dirisha. Ikiwa mwanga unapita na unaona vidole vyako upande wa pili, hiyo ni nyepesi mno kwa mkoba. Iweke upande, nitakuambia kazi yake. Nzito zisizopitisha mwanga ndizo za mikoba. Zenye rangi nzuri na kitambaa kisicho na madoa ni za nguo za watoto. Na ile ambayo bado inavalika, tafadhali iache ivaliwe. Kukata nguo nzima ili kutengeneza kitu kingine sioni faida yake.

Kama lebo imefutika na hujui ni pamba au poliesta, kata kipande chembamba cha kitambaa chenyewe kutoka ukingo wa ndani, ukishike kwa koleo juu ya sinki na kukichoma. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Si lazima ujue ili uanze, lakini utaelewa kwa nini moja inakubali pasi ya moto na nyingine inang'aa na kuharibika.

Sasa shika fulana moja kwa mikono miwili, uivute kwa upana, kisha uivute kwa urefu. Utaona kwa upana inatanuka sana na kwa urefu inakataa. Hiyo ni kwa sababu kitambaa hiki hakikufumwa kwa nyuzi zinazopishana kama shuka au shati la kola. Kimesukwa kwa vitanzi vidogo vidogo vinavyoshikana, na ukikisogeza karibu na jicho utaviona vimejipanga kwa mistari ya wima upande wa nje. Kutokana na vitanzi hivyo, ukingo uliokatwa hauchambuki nyuzi, basi huna haja ya kupiga ovaloki. Badala yake unajikunja. Ukikata kwa upana, ukingo unajiviringisha kuelekea upande wa nje. Ukikata kwa urefu, unajiviringisha kuelekea ndani. Tabia hii inawasumbua wengi, lakini mimi naipenda, maana ukiijua unaweza kuacha shingo ya nguo au mdomo wa mkoba bila kuukunga, na ukajiviringisha wenyewe ukapendeza.

Mkoba ndio uanze nao. Chukua fulana kubwa, nzito, uilaze mezani na kuinyoosha kwa viganja mpaka isiwe na mkunjo. Kata mikono yote miwili, mkasi ukipita ndani kidogo ya mshono wa kwapa ili mshono wenyewe uondoke na mkono. Kisha ikunje fulana katikati kwa urefu, bega juu ya bega, na ukate shingo kwa kuizungusha kushuka chini, kama sentimita 15 hivi kutoka ilipo bendi. Kwa kuwa umeikunja, pande mbili zitalingana. Mabega yaliyobaki ndiyo vishikio vyako, na mshono wa bega upo juu kabisa, pale mzigo unapoegemea. Angalia hapo: sehemu inayobeba uzito imeshonwa na mtu mwingine kabla yako, na imetiwa nguvu.

Acha vishikio viwe na upana wa sentimita 7 au 8. Vitaonekana vipana mno mezani, lakini vikishavutwa vinajiviringisha na kupungua karibu nusu.

Chini ya mkoba, wako wanaokata vishada na kuvifunga mafundo ili wasishone. Unaweza kufanya hivyo na watoto wanafurahia kufunga, ila siupendi mkoba wa namna hiyo kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu katikati ya fundo na fundo hubaki tundu, na funguo au kalamu hupenya. Shona. Geuza fulana ndani nje, linganisha mapindo mawili ya chini, upige mshono juu ya pindo lenyewe, kisha urudie wa pili pembeni yake. Pindo lina kitambaa cha tabaka mbili, basi hapo unashona tabaka nne na pana nguvu. Ukitaka mkoba usimame vizuri, shika kona ya chini, uifungue mpaka mshono wa chini uje juu ya mstari wa ubavu na kona iwe pembetatu, halafu shona kukatiza pembetatu hiyo mahali ambapo upana wake ni sentimita 8 hadi 10. Fanya na kona ya pili. Ukiugeuza, mkoba una kitako.

Ubaya wake mmoja nisikufiche: ukiutia vitu vizito utavutika mpaka ufike magotini. Dawa yake ni kutia fulana ya pili ndani yake iliyokatwa vilevile, na kuzishona pamoja mdomoni na kwenye vishikio. Au bitana la vishikio likatwe kutoka shati kuukuu la kola, ambalo kitambaa chake hakivutiki. Kipande chembamba cha shati ndani ya kila kishikio kinatosha kabisa.

Kuhusu sindano na uzi, maana uliuliza. Kama una cherehani, tafuta sindano ya ncha ya mviringo inayouzwa kwa vitambaa vya kuvutika. Namba 80 inafaa fulana nyingi. Sindano ya kawaida yenye ncha kali inaweza kukata vitanzi, na hutaona kitu siku hiyo, lakini baada ya kufua mara kadhaa kando ya mshono vitatokea vitundu vilivyojipanga. Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba hukatika nguo inapovutwa. Usishone mstari ulionyooka. Weka zigizaga nyembamba sana, upana wa milimita moja hivi na urefu wa milimita 2 na nusu. Ukiitazama kwa mbali utadhani imenyooka, lakini ina nafasi ya kutanuka pamoja na kitambaa. Na muhimu kuliko yote, usikivute kitambaa kwa nyuma kukisaidia kupita. Kiongoze tu. Ukikivuta, mshono utatoka na mawimbi. Kama cherehani inakimeza kitambaa mwanzoni, weka karatasi nyembamba chini yake, shona juu yake, kisha ichane uitoe.

Kwa mkono inawezekana kabisa. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele hatua moja na kurudi nyuma nusu yake kabla ya kusonga tena. Usikaze uzi. Kabla ya yote piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, kwa uzi wa rangi nyingine, kwa sababu pini peke yake hazikizuii kitambaa hiki kuteleza. Kuchora mistari kwenye fulana nyeusi, kipande cha sabuni kilichobaki kikakauka na kuwa na makali ni bora kuliko chaki. Kinaonekana vizuri na kinatoka kwa kufua.

Sasa nikwambie kitu ninachokipenda kuliko vyote. Una fulana za mikono mirefu? Mikono yake inatoa taiti ya mtoto mdogo. Mwisho wa mkono, pale palipokungwa, panakuwa kwenye kifundo cha mguu, na mshono wa chini ya mkono unakuwa mshono wa ndani ya mguu. Chukua taiti inayomtosha mtoto sasa hivi, uikunje mguu juu ya mguu, uilaze juu ya mkono wa fulana ukilinganisha miisho ya chini na mishono ya ndani. Fuata umbo lake kwa chaki, ongeza sentimita 1 ya mshono kwenye mzunguko wa uma, yaani pale miguu miwili inapokutana, na sentimita 4 juu kwa ajili ya kiuno. Upande wa nyuma uuache juu kidogo kuliko wa mbele, kama sentimita 2, mtoto akiinama mgongo usibaki wazi. Ikiwa paja ni nene kuliko mkono, acha mkasi uingie kwenye kiwiliwili cha fulana. Ndiyo maana usikimbilie kukata mikono kabla hujapima.

Ukishapata miguu miwili, mmoja uache nje nje, wa pili ugeuze ndani nje, kisha uingize ule wa kwanza ndani ya wa pili. Pande za nje zitakuwa zimetazamana. Linganisha mishono kwenye uma, shona kutoka kiuno cha mbele, kupita chini, mpaka kiuno cha nyuma. Hapo tu. Vuta mguu wa ndani utoke na utaona taiti mkononi, imebaki lastiki.

Lastiki ya upana wa sentimita 2 na nusu inafaa. Pima kiuno, punguza sentimita 3 kwa mtoto au 5 kwa mtu mzima, na umjaribishe mhusika kabla ya kuishona. Kunja ukingo wa juu, shona kuzunguka ukiacha mwanya, ipitishe kwa pini ya usalama, unganisha ncha zake, kisha ufunge mwanya. Sketi hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, na ni rahisi zaidi: kata fulana moja kwa moja chini ya makwapa, pindo la chini linabaki kuwa pindo la sketi, na juu unatia lastiki. Sina la kuongeza juu ya sketi.

Zile nyepesi ulizoziweka upande, usizidharau. Huko Bengali, eneo la Bangladesh na mashariki mwa India, wanawake kwa vizazi vingi wamekuwa wakipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzishona kwa mshono mdogo wa kutembea, sindano ikiingia na kutoka kwa hatua ndogo kwenye mstari mmoja, mara nyingi wakitumia nyuzi zilizochomolewa kwenye mapindo ya sari hizohizo, mpaka wapate kantha, yaani blanketi jepesi la kudumu. Nguo iliyochoka peke yake hupata nguvu ikishikamana na nyingine. Fanya hivyo kwa fulana tatu nyembamba: zikate ziwe sawa, zipange, uzishone kwa mistari inayoachana upana wa vidole viwili. Utapata mkeka laini wa kumlaza mtoto, na unafulika.

Vilivyobaki vikate mistari ya upana wa sentimita 2 au 3 kwa upana wa fulana, uivute kila mmoja kwa nguvu. Utajiviringisha na kuwa kigwe cha mviringo. Sehemu yenye picha iliyochapwa iache, kwa sababu rangi ile imekakamaa na haijiviringishi. Suka vigwe vitatu na una kamba ya kufungia mdomo wa mkoba. Kwa mkoba ambao pindo la chini la fulana ndilo mdomo wake, pindo hilo lina tundu tayari la kuipitisha, ukilitoboa kidogo pembeni.

Nakuhimiza hivi kwa sababu naijua njia ambayo fulana hizo zimepita. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba fulana moja ya pamba, ukihesabu tangu shambani, imetumia maji kama lita 2,700. Kisha kuna aliyechuma pamba, aliyesokota, aliyefuma, na aliyekaa kwenye cherehani akikunga yale mapindo. Inaniuma nikiona nguo ya namna hiyo inatupwa kwa sababu ya doa moja kifuani.

Nipimie paja na kiuno cha mtoto uniandikie, pamoja na urefu kutoka uma hadi kifundo, nikukatie mfano wa karatasi niutie kwenye barua ijayo. Na uniambie zile nzito ziko ngapi. Kama ni chache, mkoba uwe wa tabaka moja na bitana la shati kwenye vishikio. Kama ziko za kutosha, fanya wa tabaka mbili.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.