Mama, shamba la Guka, babu yetu, lisiuzwe

Hamilton, Victoria, Australia, Oktoba

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumai miguu ya Cucu, bibi yetu, imepata nafuu. Pesa za dawa zake na karo ya Wanjiru nimetuma jana kwa M-Pesa. Za ndugu yangu Mwangi sijatuma na situmi. Ujumbe wake nimeusoma mara tatu. Eti tuuze ekari mbili za Guka kule Ol Kalou anunue gari la matatu, kwa sababu shamba limelala! Jana chakula kilinishinda kwa hasira.

Lakini pokea kwanza habari njema: sasa mimi ni mnyoaji wa kondoo! Miaka miwili nimeokota manyoya na kufagia, mwezi huu nimepewa mashine yangu. Juzi nilinyoa kondoo 112 kabla ya jioni. Unamkalisha kwa matako kama mtoto anayeogeshwa, unaanzia tumboni, na mkono ukiwa mwepesi manyoya yaliyobaki yanatoka pamoja kama koti. Mafuta ya sufu yamenilainisha viganja, utadhani sijawahi kushika jembe. Mgongo tuuache.

Wenye shamba ni kizazi cha sita hapa. Mzee alinionyesha picha ya aliyeanza, ndevu hadi kifuani, akasema kwa fahari, "Huyu alikuwa skwota." Nilishtuka, Mama. Skwota ninayemjua mimi ni mtu anayekaa kwenye shamba la mwingine kwa kumfanyia kazi, kama Guka, aliyechunga kondoo wa merino wa mzungu kule Gilgil. Sheria ya 1918 ilimtaka baba yake afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa, na Guka akazaliwa humohumo.

Huku skwota ndiye tajiri. Edward Henty alishuka Portland, mwendo wa saa moja kutoka hapa, Novemba 1834, bila ruhusa ya serikali. Mpima ardhi Mitchell alipofika 1836 aliwakuta yeye na ndugu zake wameshalima, akawasimulia malisho aliyoyaona bara, nao wakasukuma kondoo wao huko. Wengi wakafuata. Leseni ilikuwa pauni 10 kwa mwaka, na mtu alilisha kondoo mpaka jicho linapoishia. Neno ni lilelile, ila huku ni la aliyetwaa nchi, kwetu ni la aliyenyang'anywa.

Na nchi hii ilikuwa na wenyewe. Kijana mmoja wa Wagunditjmara tunayefanya kazi pamoja alinipeleka Budj Bim Jumapili. Wazee wake walijenga mifereji ya mawe ya kutegea samaki aina ya mikunga, zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, na maji bado yanapita. Nilishika jiwe moja, baridi, limekaa pale alipoliweka mtu. Miaka ya 1840 waliipigania nchi hiyo, wakauawa kwa bunduki, na baadaye waliobaki wakawekwa misheni. Ni 2007 tu mahakama ilipoitambua haki yao juu ya sehemu ya ardhi. Aliponieleza hayo hakuniangalia, alikuwa akitazama maji.

Ndiyo maana maneno ya Mwangi yaliniuma. Guka alilipa mkopo wa Ol Kalou kwa maziwa na pareto, miaka na miaka. Wewe mwenyewe ulinisimulia alivyouzunguka mpaka kwa miguu siku aliyogawiwa, akarudi jioni hataki hata chai.

Hati ibaki sandukuni mwa Cucu, na ufunguo akae nao yeye. Sahihi yangu haipatikani. Kama shamba limelala, Desemba nitatuma pesa za kondoo ishirini, Mwangi awachunge, na nikija nitamfundisha kunyoa. Ni ndugu yangu, simchukii.

Asubuhi huku kunatanda ukungu kama wa kwetu. Nikiuona nasikia ndoo za maziwa zikigongana, na wewe ukimwita Wanjiru aamke.

Mwambie Mwangi anipigie Jumamosi saa nne usiku. Huku itakuwa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa macho.

Mwanao,
Kariuki