Kwa mdogo wangu uliyeko Tenri, Japani

Mdogo wangu, asalaam alaykum.

Simu zangu hupokei tangu Septemba. Ujumbe unausoma, unanyamaza. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, kwa sababu najua hapa hupiti siku mbili bila kuchungulia. Wenzako watakwambia dada yako kakuanika. Waache waseme.

Koti lako la judo, lile la tanga, lipo. Wiki iliyopita nimelitoa kwenye sanduku la Baba, panya wamekula upindo wa mkono mmoja. Lile la kwanza, la marekani, ulikwenda nalo mazoezini limepigwa pasi ukarudi umelibeba kama matambara ya kudekia, ukosi kabaki nao mwenzako. Sote tulicheka ila Baba. Alikwenda Malindi kwa manahodha akaomba tanga kuukuu, akakunja ukosi mara nne, na sindano mbili za cherehani zikakatika. Hilo lilikuchuna shingo mpaka ukawa unalala kifudifudi, lakini halikuchanika.

Mimi sikutaka uende Japani. Nalisema wazi, wala sijabadili. Baba ndiye uliyemlainisha kwa hadithi zako za barazani. Ukamletea Mholanzi, Anton Geesink, mtu wa mita 1.98, aliyekwenda hapohapo Tenri kujifunza kwa wenyewe, kisha mwaka 1961 kule Paris akawanyang'anya wenyewe ubingwa wa dunia, na kwenye Olimpiki ya mwaka 1964 Tokyo akamgandamiza Kaminaga, Mjapani, chini ndani ya ukumbi wa Budokan, Wajapani wanatazama wanalia. Ukamletea na yule Mkanada, Doug Rogers, aliyehama kwao mwaka 1960 akiwa na miaka 19, akakaa huko anaangushwa kila siku ya Mungu, mpaka Kimura mwenyewe, bingwa wao mkubwa wa zamani, akamchukua kumnoa pale Chuo Kikuu cha Takushoku. Kwenye Olimpiki ileile ya 1964 huyo akapata medali ya fedha, Inokuma wa Japani akamzidi kwenye fainali.

Baba alimpenda Rogers. Alikuuliza, "Halafu?" Ukamjibu alirudi kwao akawa rubani wa ndege. Baba akasema, "Basi huyo ana akili." Nakukumbusha kwa sababu hilo la urubani siku hizi huligusi.

Najua hukwenda kustarehe. Umetuandikia namna unavyoamka kiza kufagia tatami, mikeka ya mazoezi, pamoja na vijana uliowazidi miaka saba, kwa kuwa umeingia nyuma yao na huko aliyetangulia ni mkubwa wako. Kwamba miezi ya mwanzo hakuna aliyejali unavyoangusha, walitazama unavyoanguka tu. Kwamba vidole vyako huwezi tena kuvikunja kufunga kifungo cha shati. Niliyasoma yote hayo kwa Baba, na mengine niliyaruka.

Lakini ile siku ya Septemba.

Umeingia na mabegi, shangazi zako wamekaa mkekani wanakungoja, hata maji hujanywa. Ukaenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha Baba. Ukavua viatu, ukapiga magoti, ukakalia visigino, ukaweka mikono sakafuni na kipaji cha uso kikaifuata. Mbele ya kitanda kitupu. Shangazi mkubwa akasema, "Astaghfirullah, anamsujudia nani huyu?" Nami nikapiga kelele, jirani wote walisikia: "Toka! Hapa si Japani! Baba anataka Fatiha, hataki maonyesho!"

Hukujibu. Uliinuka ukatoka kinyumenyume, bila kukipa chumba mgongo.

Baadaye nimeitazama ile picha ya Geesink. Watu wake wanakimbilia ulingoni kumshangilia, naye anawanyooshea mkono wasikanyage, mpaka ainamiane kwanza na Kaminaga. Nimeitazama mara nyingi, sikufichi. Nimeelewa kile ulichokifanya kinaitwa heshima huko uliko. Na shangazi naye alikuwa na haki yake, kusujudu ni kwa Mungu tu, hilo umelijua tangu chuoni. Ungenyanyua mikono ukaomba dua tungelia pamoja yakaisha.

Lakini hasira zangu hazikuanzia mlangoni pale, na wewe unajua. Baba alikata roho saa tano kasoro dakika kumi usiku. Kwenu ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, unafunga mkanda kwenda kwenye kangeiko, mazoezi yenu ya baridi ya Januari. Tumezika baada ya adhuhuri, ndipo nikakupigia. Ukanyamaza sana, kisha ukasema, "Zimebaki siku tatu, nitazimaliza." Na ukazimaliza! Nani anamaliza siku tatu za kuangushana na baba yake yuko kaburini?

Wewe nawe ukanirudishia: kwa nini sikuambiwa kama anaumwa? Ukalisema mbele ya shangazi, usiku wa siku ileile ya Septemba, kabla hujahamia kwa rafiki yako. Nitakujibu leo. Ningekwambia, ungepanda ndege. Ungekaa hapa kitandani pake mwezi, miwili, na nafasi yako kule wangempa mwingine. Mimi ndiye niliyekuwepo. Uji wake nilimnywesha mimi kwa kijiko, duka lake nimelifunga mimi, usiku wa kiharusi cha pili nilikuwa peke yangu nagombana na dereva wa teksi. Mtu aliyebeba yote hayo ana haki ya kuamua nani aambiwe nini. Angalau naona hivyo.

Goti lile la kushoto kalipimishe. Na kama kuna kozi yoyote huko ya kazi, iwe ya ufundi, iwe ya lugha, jiandikishe, usingoje mwili ukuage kwanza.

Kuna jambo moja sijakwambia. Unaikumbuka simu ya Novemba? Uliniuliza Baba yuko wapi nikasema kalala. Hakulala. Alikuwa mbele yangu amekaa kitini, simu iko kwenye spika, na alikuwa ananitikisia kichwa nisiseme. Ulikuwa na furaha, ukasema leo umemwangusha Mjapani kwa ile mbinu ambayo Baba alikukataza kuitaja mbele ya wageni. Uchi-mata. Mzee akacheka mpaka mabega yakamtikisika, sauti haitoki. Kisha akanigusa mkono, akashika kiuno chake, akazungusha kidole. Nikakuuliza, "Wa mkanda gani?" Nawe ukacheka, ukasema tangu lini dada anajali mikanda.

Swali lile halikuwa langu.