Mwanangu, usipande ile picha

Lubumbashi, 27 Septemba

Papa yangu,

Salamu zako zimefika, na ile picha pia. Dada yako aliikuza kwenye simu, nikaitazama mpaka chai ikapoa: nyumba ya mawe huko Uingereza, kinjia chembamba, na kando yake maua yamebanana kama abiria wa basi la jioni. Ni nzuri, sikatai. Unasema unataka hivyo hivyo mbele ya ule ukuta wako wa juani, halafu unaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini mama, yasiwe na kazi nyingi." Nilicheka peke yangu. Miaka yote hii ninayouza miche barabarani, kila mteja huanza na maneno hayo, kisha mkono wake unakwenda kwenye waridi.

Kule ilikopigwa picha, mvua hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima. Sisi hapa tangu mwanzo wa Mei tunatazama mawingu yanayopita bila kusimama. Kambo yako, baba yangu, alifanya kazi kwenye bustani ya mzungu mmoja enzi za Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Waridi yalikuwepo, majani ya kijani yalikuwepo hata Agosti. Lakini alinieleza jinsi yeye na mwenzake walivyobeba maji tangu kabla jua halijatoka, na jioni wakarudia. Bustani ile ilikuwa na kazi, ila mwenye nyumba hakuiona kwa sababu haikuwa yake. Wewe uko kazini Kolwezi wiki tatu, nyumbani wiki moja. Mke wako ana mtoto mgongoni na duka mbele. Nani atabeba bidoni za maji?

Kwanza ujue ukuta wako. Unatazama kaskazini. Hapa kwetu, kuanzia Machi hadi Oktoba, jua la mchana linasimama upande huo, na ndani yake imo miezi yote ambayo mvua imetukimbia. Desemba, maji yakiwa mengi, jua la mchana linahamia nyuma ya nyumba. Kwa hiyo pale mbele jua na kiu vinakuja siku moja. Nilipokuja kwenu Agosti nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikaegemeza kiganja kwenye matofali saa tisa alasiri, nikakitoa haraka. Mmea wowote utakaoweka hapo utaishi karibu na jiko.

Pili, mabati yako hayana mfereji. Mvua ya Januari inaposhuka, inachimba mstari wa vishimo chini, umeuona mwenyewe. Mche ukiuweka kwenye mstari ule utang'oka, ukiuweka nyuma yake, chini ya mabati, hautapata tone hata mvua ikinyesha usiku kucha. Kwa hiyo panda mbele ya mstari, hatua moja kutoka hapo. Nyuma yake hadi ukutani tia changarawe tu. Mke wako aliniambia anaogopa nyoka, na ana haki. Changarawe inaonekana yote, hakuna pa kujificha.

Wala usifanye nilivyofanya mimi hapa Kampemba. Nilisikia kwamba udongo ufunikwe na majani makavu ili unyevu usitoke. Ni kweli, unyevu hautoki. Nikafunika nene kama godoro mpaka ukutani. Mchwa wakashukuru. Walimaliza majani, wakapanda ukuta, na siku niliyotaka kufungua dirisha kidole changu kikapenya ndani ya fremu. Ilibaki rangi tu, mbao zimekwisha. Ukitaka kufunika, funika mbali na nyumba, kidogo, wakati wa mvua.

Sasa mimea. Katika picha yako nimehesabu aina nikaishia kumi na saba. Kila aina ina tabia yake na siku yake ya kukudai. Wewe chukua tano, na kila moja uipande kwa wingi.

Pembeni, kwenye kona iliyo mbali na fosi, lile shimo la choo, weka bugenvilia moja. Moja tu, kwa sababu itataka ukuta wote. Ile rangi unayoiita ua ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kijiti cheupe katikati. Wateja hunirudia wakilalamika kwamba yao imejaa majani mabichi bila rangi, nikiuliza nakuta wanaimwagilia kila jioni na kuitia mbolea. Bugenvilia ikishiba hailazimiki kuchanua. Iache ione njaa.

Mbele yake panda ule mti mdogo wa miiba wenye maua mekundu, taji la Kristo. Asili yake ni Madagaska, na sijui mmea mwingine unaochanua karibu mwaka mzima na kuomba kidogo hivyo. Lakini maziwa yake ni makali. Mwaka juzi nilikuwa nakata vipande, jasho likanitiririka, nikajifuta kwa mgongo wa mkono. Jicho lilivimba siku mbili, jirani wakadhani nimepigwa. Mjukuu wangu ameanza kutambaa, kwa hiyo usiuweke karibu na mlango. Karibu na mlango weka shubiri. Juni na Julai, asubuhi ile ya baridi ambapo kila kitu kimenyauka, shubiri hupandisha mkia wa maua ya rangi ya chungwa, na wale ndege wadogo, chozi, wanakuja kunyonya. Utakuwa Kolwezi, lakini mke wako atawaona akinywa chai.

Chini, kwenye ukingo, vinka. Ile yenye maua ya waridi na meupe unayoiona hata kwenye nyufa za makaburi. Nayo ni ya Madagaska, na ndani yake walipata dawa za saratani ambazo hospitali zinatumia, ila ni sumu, asije mtu kuichemsha chai. Hujipanda yenyewe. Ya tano ni zinia, kwa mbegu, mvua za kwanza zikitulia. Itakufa Mei, na usiing'oe mapema. Vichwa vikauke, vianguke.

Lavenda ya kwenye picha isahau. Asili yake ni pande za Mediterania, ambako mvua huja wakati wa baridi, na joto huja likiwa kavu. Hapa joto na maji huja pamoja, mizizi inaoza. Lantana hapana, itakimbilia kwa jirani. Na lile ua la njano refu la kando ya barabara ni zuri Aprili, lakini ukilikaribisha litakuwa mwenye nyumba.

Uliniuliza pia kuhusu ua la shaba la huko Kolwezi, kama unaweza kulileta. Liache. Kale kamea kamezoea ardhi iliyojaa shaba ambako mimea mingine inashindwa, hata wachimbuzi wa mambo ya kale wamekafuata kupata mahali pa tanuri za mababu. Kwenye udongo wetu mwekundu kangekuwa mgeni asiye na kazi.

Kuhusu maji: usipande sasa kwa kuwa una likizo. Subiri mwisho wa Novemba, mvua ishike. Mizizi itapata miezi mitano ya kushuka kabla ya Mei. Aliyepanda Machi anaingia kiangazi na mche usio na miguu. Kiangazi hicho cha kwanza tu, sentinele wako, yule mlinzi, amwage bidoni moja kwa mimea mitatu, polepole, mara moja kwa wiki. Asinyunyize kila siku. Najua anapenda kuona udongo umelowa juu, kwake ndiyo kazi, lakini mizizi inabaki juu ikingoja. Mwaka wa pili apumzike.

Nimekukatia vipande kumi na viwili vya taji la Kristo na viwili vya bugenvilia. Vile vya miiba vimelala kivulini chini ya mwembe, vidonda vinakauka, nitavitia mchangani baada ya wiki. Ukipita Novemba njoo na sanduku la mbao, si mfuko wa plastiki kama mara ile, maana miiba ilitoboa na dereva wa teksi bado ananiulizia.

Mama yako