Kwa vijana wa kijiwe chetu cha bodaboda: tukishakuzika, watoto watakula nini?

Wanangu,

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Kuzika tunajua. Sanda au jeneza, gari la kwenda kijijini, chakula cha matanga, yote tunayamaliza bila kuaibishana. Kinachoniumiza ni mwezi wa pili.

Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali mjane wa mwenzenu. Pikipiki ya mkataba ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe, ikiwa imebaki miezi mitatu iwe yao. Mtoto wa darasa la pili amekaa mlangoni na sare, hakwenda shule. Mama akaniuliza, "Baba, si alikuwa na bima? Karatasi ninayo." Akaitoa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa bima ndogo. Ile ni ya yule utakayemgonga, haimlipi mkeo.

Sisemi kila mtu akakate bima ya maisha. Kapera asiye na anayemtegemea amalize kwanza deni la pikipiki na aweke akiba. Mimi niliikata nikiwa kapera. Wakala alinishawishi nichukue ile yenye akiba ndani yake, mwaka wa pili nikashindwa kulipa ada, na karibu fedha yote ikapotea.

Lakini wewe mwenye watoto, chukua daftari leo usiku, kaa na mama yao. Kama unaacha nyumbani 10,000 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka ni 3,000,000. Tuseme mtoto wenu wa mwisho ana miaka 6. Mpaka afike 18 ni miaka 12, yaani 36,000,000. Sasa toa. Genge la mama linaingiza nini? Kwenye kikoba mna kiasi gani? Kuna kiwanja cha kuuza bila kulala nje? Kama unachangia NSSF kwa hiari, kaulize warithi wako watapata nini. Kinachobaki ndicho pengo lenu. Likiwa halipo, acha bima. Likiwepo, likatie bima ya maisha ya muda maalumu, kwa miaka hiyo tu. Muda ukiisha uko hai hurudishiwi kitu, ndiyo maana ada yake ni nafuu kuliko ya ile yenye akiba.

Bima ya ajali ni kitu kingine: ukifa kwa ugonjwa wa figo, hailipi. Na ile unayokatwa ukichukua mkopo humalizia deni la benki. Watoto hawaoni shilingi.

Kwenye fomu andika wazi kwamba unaendesha bodaboda, hata kama wakala atakwambia uandike mfanyabiashara ili ada ishuke. Siku ya kudai, uongo huo ndio watakaoushika. Uliza pia ukichelewa kulipa unapewa siku ngapi kabla bima haijakatika, na kabla ya kutoa hela hakikisha kwa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, kwamba wakala huyo amesajiliwa. Wenye shaka ya riba, ulizeni takafuli, yaani bima ya Kiislamu isiyo na riba.

Hati ya bima ikishatoka, usiifungie chini ya siti ya pikipiki. Mpe mama watoto mkononi, umwonyeshe mstari lilipoandikwa jina lake.

Ni mimi mzee wenu,
Mweka hazina