Mhariri, sisi wengine likizo ya mwezi wa sita tunaisubiri kwa hamu

Mhariri,

Hongereni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ingawa sio wa kununua kila siku, mara nyingi gazeti nalipata kwa fundi viatu jirani yangu akishamaliza kulisoma, na huwa analikunja ukurasa wa michezo ndio unakuja juu.

Naandika kwa sababu kila mwezi wa sita ukikaribia maneno ni yale yale, redioni, magazetini, kwenye magrupu ya wazazi, eti wazazi jipangeni likizo hiyo inakuja, watoto wanarudi, unga utaisha, sukari itaisha, presha itapanda. Kwenye grupu letu la darasa mama mmoja kaandika "poleni wamama" na vile vikatuni vya kulia, basi wakamfuata wengine poleni, poleni, mpaka ikawa simu inalia tu hapo mezani. Nikajiuliza pole ya nini jamani, kuna msiba?

Naomba na mi niseme ya kwangu maana nahisi tupo wengi tunaofurahi ila tunanyamaza, mama ukisema unafurahia wanao kuwepo nyumbani mwezi mzima watu wanakuona huna kazi ya kufanya. Kazi ninayo. Ni fundi cherehani hapa Ipagala, nashonea barazani kwangu, na huu mwezi ndo oda za sare zinaanza kuingia kwa sababu shule zikifungua wa saba kila mtu anataka shati jipya siku moja na hakuna anayekumbuka mapema.

Watoto ninao watatu. Kifungua mimba wa kike yuko bweni kidato cha pili, wa kati wa kiume darasa la tano, kitinda mimba kaanza la kwanza mwaka huu. Likizo hii wakaongezeka wawili wa mdogo wangu wa Dar. Zamani kumleta mtoto Dodoma kutoka Dar ni basi kutwa nzima, ukifika Gairo mmoja kashatapika mwingine analia, lakini tangu hii treni ya umeme ilipoanza kufika huku 2024 wanapanda asubuhi, mchana wako kwangu wanaosha mikono wale. Walishuka wamevaa vikaptura na vifulana vya mikono mifupi. Watu wa Pwani wanaona huku kukavu basi wanadhani kuna joto, hawajui mji huu uko juu, mita elfu moja na mia na ushee kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita usiku unalala na soksi. Yule mdogo akaniuliza, "Mama mkubwa, hii AC inazimwa wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa asubuhi zenyewe. Siku za shule gari linapiga honi saa kumi na mbili, uji unanywewa umesimama, soksi moja haionekani, mi nafoka, mtoto analia, ndo tumeagana hivyo mpaka jioni. Likizo naamka zangu mapema vile vile, nakoleza jiko la mkaa, naweka chai ya tangawizi, alafu wanaanza kutoka mmoja mmoja wamejifunga vitenge na kanga zangu wanakuja kukaa kulizunguka jiko wamejikunyata kama vifaranga siku ya mvua. Hakuna anayeongea. Kila mtu anatafuta upande ambao upepo haufiki. Alafu chai ya kwanza ikishashuka ndo mdomo unafunguka na hapo utasimuliwa ndoto yote tangu mwanzo, alikimbizwa na nani, akaingia nyumba gani, na wewe huna pa kukimbilia wala hutaki. Mwezi wa tatu mwanangu akiniambia "mama nimeota" namwambia utanisimulia kwenye gari, na kwenye gari mi sipo.

Barazani nako wameniletea raha ambayo sikuitegemea. Jioni macho yangu tundu la sindano halionekani vizuri, sasa kitinda mimba ndo kashika hiyo kazi, analamba uzi ncha, anafumba jicho moja, anautumbukiza, na hawezi kukupa sindano mpaka umwambie asante fundi. Yule binti wa Dar kaokota vipande vya vitenge chini ya cherehani akamshonea mwanasesere gauni, mkono mmoja umekaa ndani nje, na hataki urekebishwe, anasema ndo fasheni. Wa kati kajifunza kupinda chini ya suruali, mshono umenyooka kuliko nilivyotarajia. Mteja mmoja kapita kamwona akasema aah mtoto wa kiume unamfundisha kushona? Nikamwambia suti ya harusi ya mumeo ilishonwa na nani, mwanamke? Akacheka yakaisha.

Alafu kuna suala la ubuyu, hili niruhusuni nilikalie kidogo. Huku kwetu mibuyu ndo kwao, na kiangazi hiki mabuyu yanashushwa, kaka yangu akaleta kiroba kizima. Watoto wa Dar ubuyu wanaujua ule mwekundu wa kwenye pakti tu, hawakuwahi kuliona buyu lenyewe, lile ganda gumu lenye vinyweleo laini kwa nje. Wakaanza kuyagonga kwenye jiwe la mlangoni, mengine yanaruka yanaenda mpaka kwa jirani, likipasuka ndani unakuta ule unga mweupe umeshikana na kokwa na zile nyuzi nyekundu, wakawa wanakula hivyo hivyo, midomo myeupe, nguo nyeupe, kwenye nyusi kuna unga. Tukaingia jikoni. Unachemsha maji kidogo na sukari, unaweka iliki iliyotwangwa, pilipili ya unga kwa mbali, na rangi, unaacha ichemke mpaka ukichota na kijiko ianze kunata, ndo unamwaga ubuyu wako unageuza haraka haraka kila kokwa ipate. Ukichelewa sukari inaganda unabaki na jiwe moja sufuriani. Kila mtu alitaka kugeuza. Mpaka jioni ndimi zote tano nyekundu na sahani zangu mbili bado zina rangi mpaka leo.

Kifungua mimba akaona biashara. Mifuko ya plastiki si ilishapigwa marufuku 2019, akachana daftari la zamani la hesabu la mdogo wake akakunja vipembe vile vya karanga, akaweka meza getini. Mzee mmoja wa mtaani kwetu kanunua, kamaliza, akafungua karatasi akasoma kwa sauti, "Nne ya kumi, ongeza bidii." Mwenye daftari alikuwa amesimama pale pale! Alitimua mbio huyo. Saivi mtaa mzima wanamwita Nne ya Kumi na mwenyewe kashazoea, anaitika.

Tulienda na kwa bibi yao upande wa Mvumi. Uwele ulikuwa umeshakatwa, wanapura, na huu upepo wa Dodoma tunaoulalamikia mjini kule una kazi, bibi anasimama na ungo anaachia punje taratibu, makapi yanaenda zake, punje zinashuka. Watoto wakapewa vyungo vidogo wakajimwagia makapi kichwani. Bibi hakuwapa chipsi wala nini, alisonga ugali wa uwele na mlenda, wale wa Dar wakautazama mlenda unavyovutika wakatazamana, mdogo akauliza kama unaweza kukatwa na kisu. Kesho yake huyo huyo ndo anagombania ukoko. Na salamu wamerudi nayo, fundi viatu kila akipita anapigwa "mbukwa!" na kundi zima, naye Mgogo wa kuzaliwa anaitikia kwa heshima zote utadhani amesalimiwa na wazee wenzake.

Usiku umeme ukikatika wengine mnalaani, hapa kwetu simu zikiisha chaji ndo raha inaanza. Kitendawili! Tega! Wanaanza na vile vya shuleni, nyumba yangu haina mlango, yai, wote wanajua. Vikiisha wanatunga. Wa kati katega hiki, "Natoka Ihumwa bila nauli naingia mpaka chumbani kwa mama." Tulihangaika, panya, mwizi, mbu, baba yao akasema mjumbe wa nyumba kumi, kumbe vumbi. Tukatoa mji. Binti wa Dar akatega chake, "Wengi wanapita hawanisalimii na wote wameweka vioo juu," jibu lake ni mtoto aliyekaa barabarani, maana mwezi huu Bunge la bajeti linakuwa bado halijaisha na mashangingi ni mengi mjini, wao wanakaa ukingoni mwa barabara wanayapungia mikono. Mheshimiwa ukisoma hapa, shusha kioo siku moja.

Sisemi ni bure Mhariri. Sukari inaisha kweli, unga unaisha kweli, na makelele yapo, kuna siku nimewafungia wote nje nikakata mashati yangu kwa amani. Na najua kuna mama hapa mtaani anauza mboga sokoni Majengo, anatoka kumi na moja alfajiri, amepanga chumba kimoja, kwake likizo maana yake ni mtoto nitamwacha na nani. Huyo usimwambie habari za chai ya tangawizi. Ila hata yeye ile "poleni" ya kwenye grupu haimsaidii kitu. Wanae wanashinda kwangu, jioni akirudi ananiletea fungu la mchicha au nyanya zilizobaki, hatukuandikiana mkataba wala hatukuitisha kikao. Mngeandika habari za mambo ya namna hiyo, mtaa unavyosaidiana likizo, badala ya zile makala za kumpeleka mtoto hotelini kuogelea. Wangapi wataenda?

Lingine linalonikera ni tuisheni. Shule imefunga Ijumaa, Jumatatu mtoto kashabeba begi. Darasa la saba naelewa, mtihani wao wa mwezi wa tisa. Ila wa la kwanza, wa la pili, anaenda kusoma nini ambacho hakiwezi kusubiri mwezi mmoja? Mwaka 2023 serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne wazazi wengi tulipiga makofi, tukasema mtoto mdogo alelewe nyumbani, safi kabisa. Leo karudi hapo nyumbani tulipomtaka tunahaha kutafuta wa kumpa. Mzazi mwenzangu mmoja kaniambia we mwanao wa darasa la tano si alipata nne ya kumi, mpeleke basi. Nikamwambia vile vipembe vya ubuyu anapiga hesabu yeye, bei, chenji, faida, na dada yake hajawahi kumzidi hata mia. Kama kuna mwalimu atamfundisha kutoa na kujumlisha kwa kasi ile aje.

Baba yao naye kabadilika. Siku za kawaida akirudi kazini ni taarifa ya habari na usingizi, sasa hivi hajavua viatu kashavutwa kwenye drafti, vizibo vya soda kwenye ubao waliouchora wenyewe kwa mkaa, anafungwa na mtoto wa darasa la tano, na anakataa kulala mpaka arudishe. Juzi nimewaacha hapo nikaenda kulala.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili tupeni kaupande ka gazeti, hata robo ukurasa, watoto watume vitendawili walivyotunga wenyewe na michezo wanayocheza mtaani kwao, wa Dodoma, wa Singida, wa Kondoa, kila mtu na vya kwao, tujue wanachofanya wakiwa nyumbani mbali na kula unga.

Na Nne ya Kumi kasema barua isiondoke bila cha kwake, jibu halitoi mpaka mkichape: "Nje nina koti la manyoya, ndani nimevaa shati jeupe, moyo wangu mgumu unatemwa, na aliyenikataa simjui."

Mama Nne ya Kumi,
Ipagala, Dodoma