Damu chooni si bawasiri tu

Ndugu Mhariri,

Hapa kwetu Mwanza mtu akiona damu chooni, jibu ni moja: bawasiri. Anauziwa mizizi, anakatazwa pilipili, miezi inapita. Shemeji yangu alizungushwa hivyo karibu mwaka mzima. Alipopimwa choo, kumbe ni kichocho cha tumbo, ugonjwa wetu sisi tunaooga na kufua ziwani, na dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli.

Wengine hawana bahati hiyo. Damu hiyohiyo yaweza kutoka kwenye saratani ya utumbo mpana, hasa ukikonda bila sababu, ukiishiwa damu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, mara kigumu, mara unaharisha. Na choo cheusi kama lami hakingoji kesho: huenda vidonda vya tumbo vinavuja damu. Wanaomeza kila siku diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda hivyo, wajihadhari. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hukifanya choo kiwe cheusi, mwambie daktari kama unavitumia.)

Naomba zahanati zibandike maelezo haya karibu na dirisha la dawa, kwa maandishi makubwa.

Msomaji wako,
Mwanza