Mdogo wangu, nimebakiza mistari 23

Mdogo wangu,

Meseji zangu unaziona, najua, maana tiki zinakuja mbili za bluu afu kimya. Mwaka wa nne huu. Ndo maana nimeamua kuandika hapa peupe, labda shangazi atakutumia maana yeye kila anachokiona anakisambaza. Usikasirike kwamba nimeyatoa nje. Wewe ndo ulianza kuyasema mbele za watu, mimi muda wote huu nimekaa nayo kifuani.

Kwanza lile blanketi la kroshia la mama lipo. Nimesikia kuna mtu ulimwambia kwamba nililitupa. Sijalitupa wala sijampa mtu, liko kwenye kiti cha mama na sindano yake ni ileile ya milimita 5, ile ambayo mpini umelika rangi pale mama alipokuwa anaweka kidole gumba. Mpaka jana lilikuwa na mistari 137. Ile 60 ya kwanza unaijua, tuliifuma mama na mimi. Ile 77 hujawahi kuiona kwa sababu nimeifuma kwenda chini. Niligeuza blanketi nikaanza kuingiza sindano kwenye zile cheni za mwanzo kabisa, ile safu ya vitanzi vya kuanzia aliyopiga mama siku ile ya kwanza, upande wa pili wa cheni unapitika vizuri tu kama mfumaji hakukaza, na mama hakuwa mtu wa kukaza. Kule juu, pale mstari wa 60 unapoishia, kuna kitanzi kimoja nimekipachika pini kisifumuke. Kule sijagusa.

Unakumbuka ulivyojifunza? Mimi nilijifunza nikiwa nimekaa ubavuni kwa mama, naangalia mikono yake. Wewe ikashindikana, kila ukianza uzi unakwenda kinyume, unalia, unatupa sindano, mpaka mama akagundua kwamba tatizo ni ule mkono wako wa kushoto. Akakuambia njoo ukae mbele yangu tutazamane, fanya kama unajiangalia kwenye kioo. Siku hiyohiyo ukapiga cheni ndefu kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, na ulikataa isifumuliwe, ukalala nayo imezungushwa mkononi. Kila nikimwona mtoto anafuma kwa mkono wa kushoto naikumbuka ile cheni.

Basi turudi kwenye ule usiku, maana bila huo usiku barua hii haina kazi.

Nilifika msibani kwa mama nimechoka kiasi ambacho hukuuliza. Safari nzima sikufumba jicho, nimefika mama tayari kashalala chini, watu wananishika mkono wananiambia pole na mimi sijui hata nimemjibu nani. Usiku usingizi ukagoma. Saa tisa nikaingia chumbani kwake nikalikuta blanketi limekunjwa kwenye kitanda, nikalifungua ili nijifunike harufu yake, huo ndo ukweli, sikwenda kukagua kazi yako. Nikalikunja katikati, pembe hazikutani. Nikalitandaza chini nikaona kuanzia mstari wa 61, pale ulipoanza wewe, linapungua, linapungua, linakwenda likichongoka kama paa la nyumba. Nikahesabu. Mstari wa 60 una stichi, yaani vishono, 201 kama ilivyo tangu mwanzo. Mstari wa 83, wa mwisho, una 178. Kila mstari ulikuwa umeruka stichi moja mwishoni. Zile cheni tatu za kupandia mstari mpya zinahesabika kama stichi ya kwanza, ukirudi upande wa pili lazima uingize sindano juu yake, hapo ndo watu wengi wanaporuka, mama alitufundisha sisi wote wawili, mimi na wewe, kwamba ukifika mwisho hesabu kabla hujageuza. Ilikuwa imekula karibu sentimita 16 za upana.

Na mimi kitu kama hicho siwezi kukiacha, unanijua. Hesabu kwenye kroshia si pambo, ndiyo inayokipa kitambaa umbo. Kuna mwanahisabati anaitwa Daina Taimina, mwaka 1997 akiwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani alifuma kwa sindano ya kroshia umbo la haipaboliki, yaani uso unaojipinda kama tandiko la farasi, ambalo lilikuwa linasumbua kulionyesha kwa karatasi, na alichofanya ni kuongeza stichi kwa kipimo kilekile mstari baada ya mstari, kitambaa chenyewe kikaanza kujikunja pembeni kama matumbawe. Yaani ukiongeza kidogo tu kila mara kinaenda mawimbi, ukipunguza kidogo tu kila mara kinajifunga. Wewe ulikuwa unapunguza. Kama ungeendelea hivyo mpaka mstari wa 160 lingebaki kitu cha kufunika mtoto, na mama alitaka blanketi la watu wawili, alisema tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo nikafumua. Nilidhani nakusaidia, sijui kama utaniamini. Nilijiambia akiamka atalikuta limenyooka tutaendelea pamoja. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi, ukikitoa sindano ukavuta uzi, mstari mzima unaondoka trrr mpaka mwanzo, hauna ubishi. Kilichonichelewesha ni mafundo yako. Kila ulipobadilisha rangi ulifunga mafundo mawili ukakata uzi mfupi mfupi, na mama alikuwa anasema acha mkia wa sentimita 15 uufiche kwa sindano ya mkono, uende nao mbele kisha uurudishe nyuma ndo hautoki. Nikawa nayafungua kwa kucha, fundo moja moja, mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta. Kila mstari nikauzungusha donge lake dogo la kutosha kiganjani, nikayatia kwenye kopo la biskuti. Madonge 23. Sikuyapanga, niliyatupia tu humo.

Afu wewe ukaingia.

Hukupiga kelele. Bora ungepiga. Ulisimama mlangoni na kikombe mkononi, ukaangalia kopo, ukaangalia blanketi, ukainama ukaokota kipande cha uzi wa manjano kilichobaki kwenye mkeka, kile chenye vikunjo vidogo vidogo kama nywele zilizotoka kufumuliwa, ukakivuta kikanyooka, ukakiachia kikajikunja tena. Ukafanya hivyo mara mbili. Halafu ukatoka nacho mpaka sebuleni walipo shangazi na mama wadogo na majirani wote waliolala pale, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wakati mama anachagua hizi rangi, huyu alikuwa wapi?"

Hiyo sentensi sijakusamehe. Nasema wazi. Mama wadogo waliinamisha vichwa, hakuna hata mmoja aliyesema neno, nikasimama pale na kucha zangu zimechanika na nyuzi zimenasa kwenye gauni kama mtu aliyekamatwa anaiba. Nilikuwa wapi? Nilikuwa kazini mdogo wangu. Unajua nilikuwa wapi. Zile dawa zilikuwa zinatoka wapi, yule muuguzi wa usiku nani alikuwa anamlipa, ulikuwa unanipigia simu saa ngapi kuniambia zimeisha na mimi nilikuwa nasema nini? Nilisema natuma, na nilituma. Kila mtu ana namna yake ya kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Wewe ulikaa kwa mwili, nakupa heshima yako, sikuwahi kukunyang'anya hiyo heshima popote. Lakini usinifanye niliyekuwa mbali kwa starehe.

Na tena mimi nitajuaje kwamba mama ndiye alikuwa anachagua? Siku zile 23 tuliongea karibu kila jioni. Uliniambia presha, uliniambia kala kidogo, uliniambia daktari kasema nini. Hukuniambia hata siku moja kwamba kila asubuhi unamwekea madonge ya nyuzi kifuani na yeye ananyoosha kidole, na rangi aliyoionyesha ndo mnaifuma siku hiyo, mstari mmoja. Nimekuja kuambiwa na shangazi wiki mbili baada ya wewe kuondoka. Kwamba siku za mwisho mkono ulikuwa haunyanyuki vizuri akawa anaonyesha kwa macho. Ningejua nisingegusa! Ningeacha lichongoke mpaka liishe. Jambo kama lile unamwambia mtu.

Nimekaa nalo hilo muda mrefu. Unajua hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia ya kweli, zipo za kufuma sweta lakini kroshia mpaka leo ni mkono, kila stichi imeshikwa na mtu. Siku moja nikapiga hesabu ya nilichofumua, kuanzia mstari wako wa stichi 200 mpaka ule wa 178. Ni stichi 4,347. Nimeirudia hiyo hesabu mara nyingi inakuja ileile.

Kama bado unafuma, na natumaini hujaacha, nakushauri kama dada yako, weka alama mwanzo na mwisho wa kila mstari, hata pini inatosha au kipande cha uzi wa rangi nyingine, hutaruka tena. Ukinunua nyuzi nyingi za rangi moja angalia namba iliyo kwenye lebo, ile ya awamu ya kutiwa rangi, zikitofautiana namba rangi zinatofautiana hata kama dukani umeona sawa, mchana ukilitandaza utaona mstari umekaa kama kiraka. Akriliki usiipige pasi ya moto, inalegea na hairudi tena. Na usifume ukiwa na hasira. Hili nalisema kwa kuwa ile mistari yangu ya kwanza kwenda chini, ile kama kumi hivi, imebana mpaka kitambaa kimevuta ndani, kwa sababu kila nikitoa uzi nilikuwa nakujibu wewe kichwani. Ilibidi nichukue sindano ya milimita 5.5 mkono ulegee. Sikuifumua ile kumi. Nimeshindwa kabisa kufumua kitu tangu siku ile, hata nikikosea naacha.

Unaona ninavyokwambia mambo haya? Ndo kawaida yangu, nikimpenda mtu namrekebisha. Mama alikuwa hivyohivyo, na wewe kwake ulikuwa unanyamaza unasikiliza.

Sasa ninachotaka. Nina madonge 23 ndani ya kopo. Uzi bado umejikunja vilevile, sijauloweka maji ya uvuguvugu wala kuutundika unyooke, nimeuacha na alama za mkono wako. Blanketi ninalifunga mstari wa 160, yaani 137 iliyopo na hiyo 23 yako, na nataka ikae palepale ilipokuwa, juu ya ule wa 60. Stichi nitahesabu mimi, au uje uhesabu wewe, au tukae tunatazamana kama ulivyokuwa unakaa na mama, wewe uanze upande wako. Uzi utapungukiwa mwishoni kwa sababu ulifuma stichi 200 kushuka mpaka 178 na sasa inatakiwa 201 mstari mzima, nimeshatafuta wa kujazia. Manjano haikufanana sana. Basi.

Tatizo ni mpangilio. Mimi niliyatupia tu koponi, sijui lipi lilifuata lipi, na anayejua ni wewe peke yako.

Mwezi uliopita nimechaji ile simu ya zamani ya mama, nimekuta picha. Nadhani ulipiga wewe, maana kidole kimeziba kona ya juu upande wa kushoto. Blanketi liko miguuni kwake, linaonekana kuanzia pale mstari wangu wa kijivu, ule wa 60. Nimeikuza mpaka ikaanza kuvunjika nikaandika ninachokiona. Nakuwekea hapa, wewe unirekebishe palipokosewa kisha unimalizie, hata kwa meseji tupu bila salamu.

Wa 61 zambarau. Halafu manjano. Manjano tena. Kijani cha majani. Nyeupe. Bluu iliyokoza. Nyekundu ya matofali. Waridi. Halafu manjano. Hiyo ni tisa. Baada ya hapo mkono wa mama umelala juu, sioni.